Ruta Iliyorudi Mwaka 1970

Watoto wa Misikhu hamhitaji mtu wa kuwafundisha radi. Mnaijua. Alasiri mawingu hujikusanya upande wa Mlima Elgon, upepo hulaza mahindi, na kabla kina mama sokoni hawajamaliza kufunika nyanya, stima imepotea. Hadithi yangu inaanza pale stima iliporudi.

Palikuwa na msichana wa kidato cha pili katika shule moja kando ya barabara kuu iendayo Kitale. Shule yenyewe siitaji. Msichana huyu alikabidhiwa chumba cha kompyuta: kupangusa vumbi, kuhesabu vipanya, kuzima kila kitu jioni. Siku hiyo ya Juni 2025, mvua ikiwa bado inapiga mabati, aliwasha mashine kama kawaida. Taa za ruta zikawaka, zote kijani. Kompyuta zikasema zimeunganishwa. Lakini alipoandika jina la tovuti ya kwanza, ukurasa haukuja. Akaandika la pili. La tatu. Wapi!

Mwalimu wa zamu akatoa simu yake, akazima Wi-Fi ya shule, akatumia bando lake mwenyewe. Tovuti zilezile zikafunguka mara moja. Akarudi kwenye Wi-Fi ya shule: kimya.

"Wametukatia," akasema mwalimu. "Mhasibu hajalipa."

Mhasibu akaitwa, akaja amekunja uso, akaonyesha ujumbe wa M-Pesa. Alikuwa amelipa, tena mapema.

Sasa, msichana alikuwa na mjomba, kaka ya mama yake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda sokoni. Yeye ndiye aliyeifunga ile ruta. Huku kwetu mjomba wa namna hiyo tunamwita khocha, na mnajua wenyewe heshima anayopewa khocha. Alipigiwa simu. Mvua ilipopungua akafika kwa bodaboda, laputopu ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki, viatu vimejaa tope.

"Tuizime tuiwashe tena, khocha?" msichana akauliza.

"Mpwa wangu, usichomoe kitu. Ukizima sasa, utafuta ushahidi. Kwanza tuiulize."

Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika: ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya seva ya Google, nambari tupu isiyo na jina. Majibu yakaanza kushuka mstari kwa mstari. Kisha akaandika ping na jina la tovuti. Hakuna kilichorudi ila malalamiko.

"Umeona? Barabara ni nzima, na mhasibu tumwombe radhi. Kilichokufa ni majina."

Hapa nitamwacha khocha kidogo, maana bila kujua majina hufika wapi, mtabaki mnatazama tu vidole vyake.

Kila mashine kwenye intaneti ina nambari, na jina ni kwa ajili yetu sisi wanadamu tusioweza kukariri nambari. Zamani, mtandao ukiwa bado wa vyuo vichache na ofisi za jeshi la Marekani, majina yote yaliandikwa katika faili moja iliyotunzwa California na Elizabeth Feinler na wenzake. Ukitaka jina lako liongezwe, uliwasiliana nao. Mashine zikazidi, faili ikawalemea. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mpango tunaoutumia hadi leo, DNS: kila mtu atunze tawi lake. Juu kabisa pana mzizi, na mzizi unajua jambo moja tu, nani anatunza .ke, nani .tz, nani .com. Ukiuliza jina linaloishia .ke, mzizi unakutuma kwa KeNIC, shirika la Nairobi lililoanzishwa 2002, na KeNIC inakutuma kwa seva ya mwenye jina. Safari yote hiyo huisha kabla hujamaliza kupiga chafya.

Safari hiyo huifanyi wewe mwenyewe. Kuna seva inayokutafutia; tuiite mtafutaji. Yaweza kuwa ya kampuni inayokuuzia intaneti, yaweza kuwa hiyo 8.8.8.8, au programu ndogo iliyo ndani ya ruta. Shuleni ilikuwa ndani ya ruta. Shikilieni hapo.

Mpango wa 1983 haukuwa na ulinzi. Swali likitoka, hubeba nambari ya kulitambulisha, yoyote kati ya 0 na 65,535, na jibu la kwanza kurudi na nambari ileile ndilo linaloaminiwa. Mwizi akibahatisha nambari, tena akijibu mbio kuliko seva halali, jibu lake la uongo hupokelewa na kuwekwa akiba kwa ajili ya wengine watakaouliza. Unaandika jina la benki yako, unapelekwa kwa mwizi, na ukurasa unafanana kabisa. Kwa miaka mingi watu walijifariji kwamba kubahatisha namna hiyo ni kazi ngumu. Halafu mwaka 2008 Dan Kaminsky, Mmarekani aliyekuwa hajatimiza miaka 30, akaona kwamba mwizi anaweza kumfanya mtafutaji aulize majina yasiyokuwepo, moja baada ya jingine bila kikomo, na kila swali ni nafasi mpya ya kubahatisha. Ugumu wote ukayeyuka. Kaminsky hakujitapa. Aliwaambia wataalamu wachache kwa siri, wakatengeneza dawa, na tarehe 8 Julai 2008 kampuni kubwa zikaitoa kwa pamoja siku hiyohiyo. Kwangu mimi, kunyamaza kule kwa miezi kadhaa kunastahili sifa kuliko ugunduzi wenyewe.

Dawa ile iliongeza ugumu wa kubahatisha, lakini haikumwezesha mtafutaji kujua kama jibu ni la kweli. Kazi hiyo ni ya DNSSEC. Humo kila jibu hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa mwenye jina, na mtafutaji huikagua sahihi hiyo kwa ufunguo mwingine, ulio wazi kwa wote. Anayeshika ufunguo wa wazi anaweza kukagua lakini hawezi kughushi. Basi nani atasema kwamba ufunguo huo wa wazi ni wa mwenyewe kweli? Tawi la juu. Wenye .com huweka alama ya ufunguo wa kila jina la chini yao linalotiwa sahihi, katika rekodi iitwayo DS. Mzizi nao huweka alama ya ufunguo wa .com. Na ufunguo wa mzizi umo tayari ndani ya programu ya mtafutaji.

Huo wa mzizi una kisa chake. Wa kwanza ulizaliwa tarehe 16 Juni 2010 katika chumba chenye ulinzi mkali mjini Culpeper, Virginia, mbele ya mashahidi, na mzizi ukaanza kutoa sahihi rasmi tarehe 15 Julai. Watu 21 kutoka nchi mbalimbali walichaguliwa kushika funguo za masanduku na kadi za akiba, wakiwemo Alain Aina wa Benin na Moussa Guebre wa Burkina Faso. Mara nne kwa mwaka hukutana baadhi yao, kwa zamu kati ya Virginia na California, kuandaa sahihi za miezi inayofuata. Februari 2020, kule California, sefu ilikataa kufunguka. Intaneti ya dunia nzima ikawa inamsubiri fundi wa kufuli atoboe chuma! Shughuli ikachelewa siku kadhaa, lakini sahihi za akiba zilikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyelala njaa.

Turudi kwa khocha. Alikuwa ameandika amri nyingine, dig, ambayo kazi yake ni kuuliza jina na kuonyesha jibu lilivyo bila kulipamba. Jibu la ruta lilikuwa fupi. Ndani yake kulikuwa na neno moja aliloliwekea kidole: SERVFAIL.

"Hili neno linasema seva imeshindwa. Halisemi imeshindwa nini. Jina lisipokuwepo kabisa ungeona NXDOMAIN. Kwa hiyo haijasema jina halipo; ruta haikutaka au haikuweza kutuletea jibu. Nitaiuliza tena, lakini safari hii niiambie: niletee hivyohivyo, usikague sahihi."

Akarudia amri ileile, akaongeza +cd mwishoni. Nambari ya tovuti ikatokea papo hapo, safi.

Msichana akasogea karibu na kioo. "Kwa hiyo jibu ilikuwa nalo."

"Ilikuwa nalo mkononi. Ikaligomea." Khocha akavuta kiti. "Agosti ya mwaka jana kaka yako alikuja kwangu kabla ya kutahiriwa. Nilifanya nini?"

"Ulichinja ng'ombe. Ukamvika luliki shingoni."

"Ule mnofu wa kidari. Akarudi nyumbani anapiga chinyimba, zile kengele zake. Na mimi nilikuwa nimempigia baba yako simu: anakuja na luliki yangu. Sasa niambie, kijana angetokea pale kwenu shingo tupu, wazee wangesema nini?"

"Wangesema huyu si yule. Au luliki imeibwa njiani."

"Wangemzuia langoni. Na kijana mwingine, ambaye mjomba wake hakupiga simu wala hakuchinja, akija shingo tupu?"

"Angepita tu. Hakuna aliyeahidi kitu."

"Basi umeelewa DNSSEC kuliko mafundi wengi ninaowajua. Ile simu yangu ndiyo rekodi ya DS. Jina ambalo halina DS kwa wa juu yake hupita bila kukaguliwa. Halina ulinzi, lakini hufunguka. Jina lenye DS ni lazima lije na sahihi inayolingana. Lisipokuja nayo, au ikiwa imeharibika, mtafutaji anakataa, nawe unaona SERVFAIL. Kosa la ukaguzi humpata yule tu aliyeahidiwa kulindwa."

"Lakini khocha, leo yamekataliwa majina yote. Hata yale yasiyo na ahadi."

Swali hilo, wanangu, ndilo lililomfanya khocha acheke kwa furaha. Mtafutaji hawezi kukubali kirahisi kwamba jina halina DS. Angekubali, mwizi angekuwa anaifuta DS njiani na kupita. Kwa hiyo hata neno "huyu sikumchinjia" lazima liwe na sahihi ya wa juu. Yakikataliwa majina ya mtu mmoja, mtafute mtu huyo. Yakikataliwa yote, kutoka Kenya mpaka Japani, usiwatafute wenye majina. Mtazame mkaguzi.

Khocha akaingia ndani ya ruta, akaandika neno moja: date. Ruta ikajibu:

Thu Jan 1 00:41:07 UTC 1970

Mwalimu akasoma kwa sauti, akavua miwani, akasoma tena. Alhamisi, tarehe 1 Januari 1970, dakika 41 baada ya usiku wa manane. Kwa ruta ile, Kenya ilikuwa na miaka sita tu ya uhuru, na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper pale Webuye kilikuwa bado hakijatoa karatasi hata moja, maana kilianza 1974.

Mbona 1970? Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka huo. Ruta za bei nafuu hazina betri ya saa. Raspberry Pi za mwanzo, zile kompyuta ndogo zinazopendwa na vilabu vya sayansi, nazo hazina. Stima ikipotea, saa inakufa. Ikirudi, hesabu inaanza kwenye sifuri. Na zile dakika 41? Ndizo zilizokuwa zimepita tangu stima irudi.

Sahihi za DNSSEC zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Khocha alimwonyesha msichana moja kwenye kioo, rekodi iitwayo RRSIG. Ndani ya msururu wa herufi kulikuwa na nambari mbili ndefu, na ya kwanza ilikuwa 20250626210000. Isomeni kama alivyoisoma yeye, kwa kuikata vipande: mwaka 2025, mwezi wa 06, tarehe 26, saa 21, dakika 00, sekunde 00. Hiyo ndiyo tarehe ya kwisha, ambayo huandikwa kwanza. Ya kuanza hufuata nyuma yake, na wageni wengi huzichanganya. Saa yenyewe ni ya Greenwich. Kwetu unaongeza saa tatu, kwa hiyo sahihi ile ingekufa saa sita usiku, tarehe 27 ikiingia. Sasa ruta iliyo mwaka 1970 inapewa sahihi iliyoanza Juni 2025. Inasema nini? Inasema sahihi hii bado haijaanza kazi, irudi baada ya miaka 55. Ikaikataa. Ikakataa na ya mzizi, na ya .ke, na ya .com. Ilikuwa inafanya kazi yake barabara kabisa, ila katika mwaka mwingine.

"Si ingeuliza saa kwa seva za saa?" mwalimu akasema. "Simu yangu hujirekebisha yenyewe."

Iliuliza. Lakini iliwekewa seva ya saa kwa jina, pool.ntp.org. Ili ipate saa, ilitafute jina. Ili jina likubalike, iwe na saa. Ikakaa hapo inajizungusha, taa zote kijani, dakika 41.

Khocha akaiandikia saa kwa mkono. Ndani ya sekunde chache ikalipata jina la seva ya saa, ikajisawazisha yenyewe, na kompyuta za chumba kizima zikaanza kufungua kurasa zilizokuwa zimeganda. Kisha akaongeza seva moja ya saa kwa nambari yake, ili safari ijayo isihitaji jina. Kuna programu za majina, dnsmasq ikiwemo, zinazoweza kuelekezwa zisitazame tarehe mpaka saa ipatikane. Hilo nalo akaliweka.

Mvua ilikuwa imerudi. Jikoni wakaleta chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, na kwa kuwa mtu hawezi kupanda bodaboda katika mvua ya Misikhu akiwa na laputopu, khocha akakaa. Mwalimu akauliza swali ambalo watu wazima huliuliza kila mara.

"Kwa nini usiuzime tu ukaguzi huo? Umetusumbua bure."

Khocha hakukasirika. Alisimulia ya NASA. Mapema Januari 2012 kampuni ya Comcast ya Marekani ilitangaza kuwa wateja wake wote sasa wanalindwa na ukaguzi wa sahihi. Tarehe 18 mwezi huohuo, nasa.gov ikaacha kufunguka kwa wateja wa Comcast. Kwa bahati mbaya ndiyo siku ambayo Wikipedia na tovuti nyingine zilijifunga kupinga mswada wa sheria ya intaneti, basi watu wakapiga kelele: Comcast inaifungia NASA! Kumbe NASA wenyewe walikuwa wamekosea kubadilisha funguo zao, sahihi hazikulingana. Waliokuwa na kampuni zisizokagua waliingia bila shida, wakadhani wao ndio wenye intaneti bora. Aliyekuwa macho ndiye aliyelaumiwa.

Khocha alitaja pia duka moja la mbegu na dawa za mifugo kule Kitale, lenye jina linaloishia .com. Mwenye duka alihamisha tovuti yake kwa kampuni nyingine yenye bei nafuu. Siku iliyofuata wateja wengine wakaingia, wengine wakagonga ukuta. Mwenye duka akiwa dukani anaiona. Mwanawe Eldoret haioni.

"Hebu, mpwa wangu. Saa za simu zao zilikuwa sawa. Ni jina hilo moja tu lililokataliwa."

Msichana akafikiri, kikombe mkononi. "Kampuni ya zamani ilikuwa inatia sahihi. Hii mpya haitii. Lakini wewe bado umepiga simu... yaani wa juu bado anasema luliki ipo."

Ndivyo ilivyokuwa. DS ya zamani ilibaki kwa wenye .com, ikiahidi ufunguo ambao haupo tena. Duka liliona tovuti kwa sababu mtafutaji wake hakuwa anakagua. Wa Eldoret alikuwa anakagua. Khocha aliuliza seva ya 1.1.1.1, mtafutaji kama ile 8.8.8.8, na pamoja na SERVFAIL ikampa nambari 9. Tangu 2020 upo utaratibu wa seva kutaja sababu kwa nambari ndogo: 7 ni sahihi iliyokwisha muda, 8 ni ile ambayo haijaanza, 9 ni ufunguo unaotakiwa na DS haupo. Si kila seva huzitoa, lakini ukiipata umeokoa saa nzima ya kubahatisha. Mwenye duka akaiomba kampuni iliyomsajilia jina iondoe DS. Ikaondolewa asubuhi. Hata hivyo wateja wengine waliendelea kukataliwa hadi kesho yake, kwa kuwa DS ya .com huruhusiwa kukaa kwenye akiba sekunde 86,400, yaani siku nzima, na hakuna wa kuzifuta akiba za watu wote. Wakubwa nao yamewapata: tarehe 30 Septemba 2021 Slack walijaribu kuwasha DNSSEC, wakakutana na hitilafu, wakazima sahihi huku DS ikiwa bado kwenye akiba duniani kote, na baadhi ya wateja wao wakafungiwa nje karibu siku nzima. Anayetaka kuacha kutia sahihi huondoa DS kwanza, akasubiri akiba zikauke, ndipo akazima. Akifanya kinyume, anajifungia nje mwenyewe.

Na ipo hatari ya mashine iliyosahauliwa kabatini. Ufunguo wa mzizi ulibadilishwa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Oktoba 2018. Ulikuwa ubadilishwe mwaka mmoja kabla, ikaahirishwa kwa hofu kwamba watafutaji wengi walikuwa hawajaupokea mpya. Mabadiliko mengine yamepangwa tarehe 11 Oktoba 2026. Ruta ambayo haijasasishwa programu yake itaamka siku kama hiyo ikikataa kila jina, na saa yake ikiwa sahihi kabisa. Khocha alisasisha ya shule palepale, akiwa bado anamenya ndizi.

"Mwalimu," akasema, "Aprili 2013 Wakenya waliandika google.co.ke, baadhi yao wakapelekwa kwenye ukurasa wa mtu aliyejisifu kuwa mdukuzi kutoka Bangladesh. Nambari ya jina ikibadilishwa, hata Google haiwezi kukusaidia."

"Na huu ukaguzi wako ungewaokoa?"

"Inategemea uongo uliingilia wapi. Ukiingizwa njiani, sahihi inaukamata. Lakini mtu akifika kwenye rejista yenyewe akaandika uongo humo, hata sahihi itautia muhuri uongo huo. Mimi siwauzii miujiza. Ila nikizima ukaguzi, mtakuwa hamna hata hicho cha njiani, na wanafunzi wote hawa mia kadhaa wanapita kwenye ruta moja."

Mwalimu akanyamaza, akaongeza sukari.

Mvua ilipokatika khocha alifunga laputopu, kisha akaifungua tena. Akamwambia msichana ajaribu tovuti moja ya mwisho, akamtajia herufi kwa herufi: dnssec-failed.org. Msichana akaandika. Kivinjari kikafikiri, kikafikiri, kikatoa ule ukurasa wa kijivu wa kusema tovuti haipatikani.

"Sasa je!" mwalimu akapaza sauti kutoka mlangoni. "Si ulisema umetengeneza?"

Msichana ndiye aliyejibu, bado anatazama kioo. "Hii wameiharibu sahihi yake makusudi, mwalimu, ili watu wapimie. Ingefunguka ndipo tungemzuia khocha asiondoke."